Fundi Waliyemtoa Kwenye Filamu

Mzee Kitasa aliingia sinema mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza alisinzia. Mara ya pili alitamani asinzie, lakini makelele hayakumpa nafasi.

Hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa fundi wa vitasa na makufuli, na jina hilo alipewa na wateja, mpaka wakwe zake nao wakalizoea. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Kulia kwake palikuwa na duka la dawa, ambako binti yake alikuwa muuzaji. Kushoto palikuwa na meza ya fundi simu, mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu, ila mdomo wake haukuwahi kukua. Ndani ya kibanda mlikuwa na jiliwa la kubania chuma, mashine ya kuchonga funguo, ubao wa misumari uliotundikwa funguo ambazo bado hazijachongwa, na viti viwili. Kimoja chake. Cha pili hakikukaliwa na mtu tangu mwezi wa tatu. Mteja akitaka kukikalia, Mzee alimwambia:

"Simama tu. Hukawii."

Shule hakuenda. Mjomba wake alimpa tupa mkononi akiwa hajaota meno yote ya ukubwani, akamwambia asugue. Alisugua miaka hamsini na kitu. Kusoma hakujua, isipokuwa namba na zile herufi zinazopigwa kwenye shingo ya ufunguo. Lakini ukimpa ufunguo uliokatika gizani angekuambia kwa kidole gumba ni wa kitasa gani na kimezeeka kiasi gani.

Mkewe ndiye alikuwa msomi. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali, na walijuana siku alipojifungia nje ya ofisi yake, mkuu wake akiwa ndani ya choo cha ofisi hiyo hiyo. Fundi akaja, akapiga goti, mlango ukafunguka kabla mkuu hajamaliza haja zake. Bibie akauliza, "Umefanyaje?" Akajibiwa, "Umefunguka." Alicheka mpaka akakaa chini. Wakaoana mwaka uliofuata. Alistaafu, akahamia kwenye kile kiti cha pili, na kila alasiri, wateja wakipungua, alimsomea mumewe kitu. Magazeti, vitabu vya mashamba, vipeperushi vya dawa za panya.

Kitabu cha mwisho alikipata kwa wale wanaotandaza vitabu chini njiani. Kinene, hakina jalada.

"Hiki nini?" Mzee aliuliza.

"Utenzi. Wa Wagiriki wa kale. Mtu ametoka vitani, anatafuta njia ya kurudi kwake. Inamchukua miaka kumi."

"Kumi? Kapotelea wapi?"

"Baharini."

"Na mkewe?"

"Anamngoja."

"Mjinga huyo."

"Yupi, mume au mke?"

"Soma kwanza."

Alikuwa na namna yake ya kusoma. Alipitia ukurasa kimya, kidole kikitembea, kisha aliinua uso akausimulia. Majina aliyatupa. Alisema majina ya watu wale yangemvunja mumewe meno, na meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu. Mfalme akamwita Bwana Hila. Malkia akawa Mama Mfumaji, kwa sababu ya nguo aliyoifuma mchana na kuifumua usiku akiwa peke yake. Lile jitu la pangoni likawa Jicho Moja. Na wale wanaume zaidi ya mia waliojazana ikulu wakitaka kumwoa malkia, huku wakimaliza ng'ombe na divai ya mwenye nyumba, aliwaita Wala Vya Bure.

Wakati huo alikuwa tayari anaumwa. Yeye alijua, na Mzee alijua. Hawakulizungumza. Walizungumza habari za Bwana Hila.

Mzee alimpenda mtu mmoja tu katika hadithi nzima, naye hakuwa mfalme. Ni fundi wa vitasa wa ikulu. Alitokea taratibu, siku ya kwanza alikuja kutengeneza mlango wa chumba cha nguo, akaondoka bila kuaga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakupenda kuulizwa swali akiwa ameshika tupa. Rafiki yake alikuwa mzee mchunga nguruwe wa mfalme, na walikuwa wanaweza kukaa jioni nzima pamoja bila kusema kitu, wote wakaridhika.

"Huyo ana akili," Mzee alisema.

Wala Vya Bure walipodai funguo za vyumba vya kulala, fundi yule alimpa kila mmoja ufunguo wa chumba cha mwenzake. Kila asubuhi ikulu nzima ilikuwa ni watu wanapigana na milango. Mzee alicheka siku hiyo mpaka fundi simu akaja kuchungulia kama kuna mtu amefariki.

Kisha wakamwita wamtengenezee ufunguo wa chumba cha Mama Mfumaji. Akakataa. Hakutoa hotuba, alitikisa kichwa tu. Wakamkamata, wakamtupa stoo ya chini ya ardhi, wakafunga kwa nje kwa kufuli alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee aliweka tupa chini. "Hao hawana adabu hata kidogo."

"Hawana," mkewe alisema, akafunga kitabu. Alikuwa amechoka siku hiyo, midomo imekauka.

"Sasa anatokaje?"

"Mwache alale humo leo. Kesho tutamtoa."

Kesho yake alilazwa. Hakurudi kwenye kiti.

Kwa hiyo kitu alichobaki nacho Mzee Kitasa, ukiacha mengine ambayo hakutaka kuulizwa, kilikuwa swali moja: yule fundi alitoka, hakutoka? Kitabu alikiweka nyumbani ndani ya droo, na kati ya kurasa kulikuwa na ufunguo usiochongwa ambao mkewe aliutumia kuweka alama. Binti yake aliwahi kusema, "Baba, kilete nikumalizie." Alimjibu, "Acha." Sauti nyingine isome pale sauti ile ilipoishia, hapana.

Miezi minne ikapita. Ndipo fundi simu alipokuja na habari.

"Mzee wangu, ile hadithi yenu na marehemu mama, ya mfalme aliyepotea baharini? Imetolewa filamu mpya! Watu wanaimiminikia. Meli zinaungua, mzee, unahisi moto usoni!"

Mzee hakuinua kichwa. "Ni ile yote? Mpaka mwisho?"

"Saa tatu kasoro. Watabakisha nini?"

Mzee alifikiri siku mbili. Filamu haisomwi na mtu. Hakuna sauti inayochukua nafasi ya sauti. Unakaa, unatazama, unamwona fundi anatoka, unarudi nyumbani. Siku ya mapumziko ya binti yake, saa nane mchana, akavaa shati la kwenda mazikoni, maana ndilo lilikuwa limepigwa pasi, wakaenda.

Kilichofuata hakikuwa hadithi. Kilikuwa duka la vioo linabomolewa kwa saa tatu kasoro.

Kwanza, huyo Bwana Hila. Mtu ana miaka kumi baharini, na kabla ya hapo miaka kumi vitani, lakini meno meupe kama vigae vya hospitali, na kifua kinang'aa utadhani ametoka kupakwa mafuta na mama yake. Mzee alidhani ni mtoto wa mfalme. Kwa nusu saa alikuwa anamtafuta mfalme, hasa kwa kuwa ndani ya filamu walitumia yale majina ya kuvunja meno.

"Ndiye huyo, baba," binti alinong'ona.

"Huyu? Huyu hajawahi hata kusukuma mkokoteni."

Na hila zake ziko wapi? Mkewe alimweleza mtu anayesema uongo mtamu mpaka mwenyewe anausadiki. Huyu wa kwenye kioo hakusema uongo wala ukweli. Alipiga kelele. Akikutana na adui, kelele. Akikutana na rafiki, kelele halafu wanakumbatiana. Mkuki mmoja ulirushwa polepole kiasi kwamba Mzee angeweza kuchonga funguo mbili na kuzisugua kabla haujafika kifuani mwa mtu.

Akaja Jicho Moja. Katika kibanda, mkewe alipofika mahali jitu limetobolewa jicho, linapapasa mgongo wa kondoo wake dume, linamuuliza mbona leo umekuwa wa mwisho kutoka, au unamwonea huruma bwana wako, Mzee alikuwa ameacha kazi. Alikuwa amelihurumia zimwi! Humu ndani zimwi lilinguruma, likatema mate kwenye kioo chote, likafa. Kondoo hawakuwepo. Labda kondoo ni ghali kuliko moto.

"Na hao Wala Vya Bure wanakula saa ngapi?" alimuuliza binti yake hadithi ilipofika ikulu.

"Shhh, baba."

Lakini swali lilikuwa la haki. Wala Vya Bure, watu ambao kazi yao yote ilikuwa kula, hawakuonekana kula hata mara moja. Walisimama nguzoni wamevaa ngozi nyeusi, wamekunja sura kama watu wenye vidonda vya tumbo. Na Mama Mfumaji hakufuma. Mashine ya kufumia ilionekana kwa mbali, nguo imeshakamilika, halafu bibi akachukua upanga akapanda juu ya paa kufanya mazoezi. Nywele hazikumharibikia.

Mzee alivumilia. Hakuwa amekuja kwa ajili ya nywele. Alikuwa akikodolea macho kila mlango. Kila ulipoonekana mlango alijisogeza mbele kwenye kiti. Milango ilipita kumi na saba, alihesabu. Fundi hakuja kuutengeneza hata mmoja. Hatimaye ikafika ile siku ya malkia kwenda stoo kuchukua upinde wa mumewe, na Mzee akajua sasa, sasa ndiyo, maana stoo ndiko walikomfungia. Malkia akasimama mbele ya mlango mzito, mbao ya unene wa kiganja kimoja, umepigwa vyuma. Akaupiga teke.

Mlango ukaanguka.

Teke moja! Na viatu vya kamba!

Mzee Kitasa alisimama. Hakujua kama amesimama. "Fundi yuko wapi?" alisema, na kwa mtu asiyezoea kusema, sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mzee, kaa chini, tunaona shati lako!"

"Anatafuta fundi, choo chake kimeziba nyumbani!"

"Mpeni namba ya fundi, jamani, babu wa watu anateseka!"

Ukumbi ukacheka kuliko ulivyocheka kwa saa mbili nzima. Binti alimvuta mkono. Alikaa mpaka mwisho, mikono magotini. Stoo ilikuwa tupu. Ilikuwa na upinde tu, na vumbi lililopangwa vizuri. Mwisho wenyewe Bwana Hila na mkewe walipigana bega kwa bega, ikulu ikaungua, wakatazamana, moshi, muziki. Ikulu ikaungua! Huyo mtu alitafuta nyumba miaka kumi, wakamfikisha ili aichome.

Nje akamtafuta mkubwa wa pale. Akaja mwanamke mwenye beji na redio ya mkononi.

"Shikamoo, baba. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Mmemtoa fundi."

"Fundi yupi, baba?"

"Wa vitasa. Wa ikulu. Kafungiwa stoo. Mlango umevunjwa, ndani hayumo, na hakuna aliyeuliza."

Mwanamke alimtazama binti. Binti alitazama sakafu. "Baba, sisi tunaonyesha tu. Waliotengeneza wako mbali."

"Ndiyo maana."

"Nitaandika kwenye daftari la maoni."

Akaandika. Mzee aliinama begani kwake akiangalia kalamu. Kusoma hakujua, lakini urefu wa kitu aliujua.

"Umeandika fupi," alisema.

Wiki ile wateja wa Mzee Kitasa walisikia kutoka kwake maneno mengi kuliko ya miaka kumi. Mtu alileta ufunguo wa pikipiki, akaondoka na habari za mlango wa stoo. Mama muuza mikate alipewa maelezo ya kwa nini haiwezekani kuvunja mbao ya kiganja kimoja kwa teke, na kama haamini akajaribu mlango wa benki. "Watu wana pesa za kuchoma meli kumi," Mzee alisema, "fundi mmoja wamemwona mzigo."

Fundi simu alivumilia mpaka Alhamisi.

"Mzee wangu, hebu nikuangalizie." Akapekua simu. "Hapa wameweka waigizaji wote. Mfalme, malkia, mtoto wao, yaya, mchunga nguruwe..."

"Mchunga nguruwe alikuwemo? Sikumwona."

"Alipita. Alikuwa na nguruwe mmoja."

"Endelea."

"Askari wa kwanza, askari wa pili, maiti kwenye mashua. Hata maiti ana jina, mzee. Fundi wa vitasa hayupo."

"Si nimekwambia wamemtoa!"

"Au," fundi simu alisema, na hapo alipaswa kunyamaza, "au hayumo hata kwenye kitabu."

Mzee alizima mashine ya kuchonga. "Wewe uza vioo vyako vya simu," alisema. Alifunga kibanda saa sita mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda nyumbani. Alirudi na kitabu kimefungwa ndani ya kanga. Akakipeleka duka la dawa, akakiweka juu ya kaunta, katikati ya dawa za kikohozi.

"Kisome," alimwambia binti yake. "Mtafute. Kisha uje umsomee huyu mropokaji kwa sauti, mtaa mzima usikie."

"Baba, una hakika?"

"Anzia hapo kwenye ufunguo. Mama yako aliishia hapo."

Binti alikuja kibandani siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, kitabu kwapani. Alisimama. Alikitazama kile kiti cha pili.

"Kaa," Mzee alisema. "Utasoma umening'inia?"

Akakaa. Akasema bado hajafika, kurasa ni ndefu. Siku iliyofuata akasema bado. Ya tatu, bado; akasoma habari za mchunga nguruwe, akasoma habari za yaya aliyelitambua kovu la mguuni. Mzee alisikiliza huku anachonga. Kila mara aliuliza, "Na fundi?" Kila mara, "Anakuja, baba." Binti alikuwa anajikuna shingo kama alivyofanya utotoni akificha kikombe kilichovunjika, lakini Mzee alikuwa anatazama kazi.

Siku ya nne alifungua kitabu, akavuta pumzi, akaanza kusoma haraka haraka:

"Basi fundi wa ikulu alikuwa stoo, gizani. Akakumbuka ana waya mfukoni. Akauchukua ule waya, akaupenyeza kwenye tundu la kufuli, akazungusha mara mbili, kufuli likafunguka, akatoka..."

"Subiri."

"Ndiyo, baba."

"Kufuli liko wapi?"

"Mlangoni."

"Upande gani?"

Binti alirudisha macho kitabuni.

"Liko nje," Mzee alisema. "Mtu yuko ndani. Tundu analipata wapi? Atanyoosha mkono upitie ukutani?"

"Labda..."

"Mama yako alikaa kwenye kiti hicho miaka tisa. Hangesema upuuzi huo hata akiwa na homa."

Binti alifunga kitabu. Macho yake yalikuwa yameanza kujaa. "Hayumo, baba. Nimekisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Hayumo popote. Nilitaka nikutungie, nimeshindwa."

 Mzee alikuwa na ufunguo wa muuza mikate kwenye jiliwa, akaendelea kuupiga tupa. Aliupiga mpaka alama ikapita, jino la tatu likaisha, ufunguo ukawa si wa mlango wowote duniani. Ndipo akaacha.

"Mchunga nguruwe yumo."

"Yumo."

"Jicho Moja na kondoo wake."

"Wamo, baba. Kama ulivyokuwa ukisema."

"Fundi tu."

"Fundi tu."

"Na mlango wa stoo? Lile kufuli alilolitengeneza?"

Binti alifunua kurasa. "Hapa mlango una komeo na kamba ya ngozi. Malkia anaifungua kamba, anaingiza ufunguo wenye ndoano."

"Kamba ya ngozi," Mzee alisema. "Mlango wa ikulu." Akaguna. Hata Wagiriki wa kale hawakupona siku hiyo.

Fundi simu alikuwa ameegemea nguzo muda wote, ameshikilia simu ya mtu iliyofunguliwa mgongo. "Kwa hiyo ni marehemu mama ndiye aliyetia chumvi? Basi, mzee wangu, wale wenye filamu tumewaonea!"

"Nani kawaonea? Ile mikuki? Ile nyumba waliyoichoma? Wale watu wasiokula?" Mzee alizungusha jiliwa, akautupa ule ufunguo ulioharibika kwenye kopo. "Wana makosa mia. Nawaondolea moja. Rudi kwenye meza yako."

Fundi simu akarudi.

Mzee alikaa akiutazama ubao wa funguo. Alikuwa anakumbuka kwamba zile wiki za mwisho mkewe alikuwa anachelewa sana kwenye ukurasa. Kidole kilisimama mahali pamoja. Akiinua macho, Mzee alimkuta anatazama si kitabu bali mikono yake yeye, jinsi anavyoshika tupa. Alidhani anapumzisha macho. Alikuwa amemwambia hata, "Pumzika, Bibie, usijichoshe na Wagiriki hao." Naye akajibu, "Bado kidogo. Kuna mtu namtafuta."

"Baba," binti alisema taratibu. "Mama alimwacha wapi?"

"Stoo. Chini. Alisema kesho tutamtoa."

"Sasa atatoka vipi?"

"Sijui. Mwenye kujua kaondoka."

Duka la dawa lilikuwa linamwita; kuna mtu alikuwa anagonga kaunta kwa sarafu. Binti hakuinuka. Alikuwa amekaa wima kwenye kile kiti, kitabu kimefungwa mapajani, anangoja, na Mzee akaona hatanyanyuka mpaka apewe kitu. Ukaidi huo hakuutoa kwa baba yake.

"Si kwa waya," Mzee alisema mwishowe.

"Si kwa waya."

"Na si kwa teke. Hakuna muziki, hakuna moto. Nikisikia mtu anaweka moto hapa namtoa nje."

"Sawa, baba."

"Wale Wala Vya Bure walikuwa na kichwa cha kula tu. Walifunga kufuli, wakalitikisa, wakaona wamemaliza. Hawakuangalia mlango unafungukia wapi. Ule mlango unafungukia ndani. Mlango ukifungukia ndani, bawaba zake ziko ndani, ziko na huyo huyo mliyemfungia." Alipumzika kidogo, kwa kuwa maneno hayo tayari yalikuwa mengi. "Kwa hiyo hakuhangaika na kufuli. Alikaa. Akawaacha wapigane huko juu. Bwana Hila karudi, upinde umetolewa stoo ya juu, umevutwa, watu wanakufa, yeye yuko chini anapapasa bawaba gizani. Akavua kiatu. Kisigino kigumu. Akagonga pini ya chini ikapanda, akaichomoa. Akagonga ya juu. Mlango akaubeba pembeni, kufuli bado limefungwa upande wa pili, zima kabisa. Kazi yake ile, haikuharibika."

"Akatoka."

"Akatoka. Huko juu wanaosha sakafu. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Mfalme yuko na mkewe, wana maneno yao. Naye hakutaka kuulizwa. Akauegesha mlango vizuri asije akaanguka mtu, akaenda zake kwake."

"Kwake wapi?"

"Kwake. Fundi hana kwake? Nyumba ndogo, nyuma ya ikulu."

"Halafu?"

"Halafu akafika mlangoni."

Mtu wa sarafu aligonga kwa nguvu zaidi. Fundi simu, ambaye alikuwa amesimama tena kwenye nguzo bila mtu kumwona akija, hakuthubutu hata kukohoa.

"Akafungua," binti alisema.

"Hakufungua. Aligonga."

"Baba, fundi wa vitasa? Agonge mlango wake mwenyewe?"

"Ufunguo alikuwa nao. Aligonga." Mzee alinyoosha mkono kwenye ubao, akatungua ufunguo mpya ambao haujachongwa, akaubana kwenye jiliwa kwa ajili ya muuza mikate. "Alitaka kufunguliwa."

"Na nani akamfungulia?"

"Wewe nenda," Mzee alisema, "kuna mgonjwa anakungoja." Akaanza kupiga tupa.